Mkono Mmoja Kamba, Mkono Mmoja Mkeka

Kabla ya yote naomba mnivumilie. Mwandiko wangu umelala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na maneno mengine sina hakika yanaandikwaje, kwa kuwa niliishia darasa la saba. Atakayepiga chapa nimemwomba anyooshe herufi, lakini asiongeze kitu. Kuna mahali katika karatasi hizi pamebaki wazi, na nataka pabaki hivyo hivyo mpaka apatikane wa kupajaza.

Naandika polepole. Nikimaliza mistari michache natoka nje, nanawa uso, narudi kusoma nilichoandika, na mara nyingi nakifuta.

Nafanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka hapa Chanika, Handeni. Kazi hii naipenda kwa sababu ya kelele. Mashine ikishawaka hakuna anayetegemea useme. Mtu anakuonyesha ndoo yake, unamwonyesha kwa kidole pa kusubiri, mambo yanaisha. Mimi ni mtu wa haya. Nikiulizwa jambo mbele ya watu, jibu hunijia nikiwa nimeshafika nyumbani.

Mahali pekee nilipokuwa nikisema kwa sauti ni uani kwa bibi yangu, mzaa mama, jioni baada ya swala ya magharibi. Bibi alizaliwa Magoma, upande wa Korogwe, akaolewa huku Handeni, na hadithi zake alikuja nazo kutoka kwao. Alizisimulia kwa Kiswahili, ila nyimbo zilizomo aliziimba kwa Kishambaa chake kilichokwisha kuingiliwa na Kizigua. Nyimbo hizo nitaziandika kwa Kiswahili, maana sijui lugha za nyumbani zinaandikwaje.

Bibi hakusimulia kwa watu waliokaa kimya. Kila hadithi ilitaka mwitikiaji, mtu mmoja wa kumjibu kila anapotua, na wimbo ukifika huyo ndiye anayeupokea. "Nisipoitikiwa," alisema, "nitajua nimebaki na kuku."

Mwitikiaji wake nilikuwa mimi tangu nikiwa mdogo. Kwetu bibi humwita mjukuu wa kiume mume wake, huo ni utani wa siku zote. Basi alikuwa akikaa kwenye kigoda, ananyoosha miguu, anaita:

"Mume wangu, upo?"

"Nipo."

"Hujaenda kuoa mke mwingine huko mashineni?"

"Sijaenda, bibi."

"Na nani atakutaka, na huo unga kichwani. Haya, niko njiani."

"Tembea tukuone," namjibu, na hapo hadithi inaanza.

Mama yangu tuliishi naye nyumba hiyo hiyo, pamoja na mdogo wangu wa kike. Mama hakuwa mtu wa hadithi, alikuwa akipika na kutuambia tusogeze miguu. Mdogo wangu alifaulu mtihani ambao mimi sikufaulu, na wakati ninaousimulia alikuwa kidato cha nne. Alikaa na taa yake ya sola kando yetu akisoma fasihi kwa sauti, kwa sababu asiposoma kwa sauti husinzia. Hivyo ndivyo maneno ya watu wa vitabu yalivyoingia uani kwetu. Mimi niliyasikia nikiwa sina mtihani wowote wa kufanya, labda ndiyo maana yalinikaa.

Bibi naye alikuwa na neno lake kwa kila neno.

"Mandhari," mdogo wangu anasoma.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni mahali na wakati hadithi inapotokea, bibi."

"Basi si useme mahali. Endelea."

"Takriri. Ni kurudia neno au maneno kwa kusudi maalumu."

"Hiyo mama yako anayo. Sogezeni miguu, sogezeni miguu."

"Nimesikia!" mama anapiga kelele kutoka jikoni.

"Mhusika bapa," mdogo wangu anaendelea huku anacheka. "Ni yule ambaye habadiliki tangu mwanzo mpaka mwisho."

"Mjomba wako huyo," bibi anasema. "Aandikwe."

Mimi ndani nilifurahi kupita kiasi. Niligundua kwamba yale anayofanya bibi yana majina. Anaposimama katikati ya hadithi na kuturudisha nyuma, kwamba huyu mwanamke kabla ya kuolewa alikuwa hivi na hivi, hiyo ni mbinu rejeshi. Anapolifanya jiwe liseme na kununa, hiyo ni tashihisi. Na mimi ninayeitikia nilitaka kujua kama nina jina. Siku moja nikajikaza, nikamuuliza mdogo wangu. Alifungua kurasa zake, akatafuta, akasema, "Kuna fanani, huyo ni msimulizi. Kuna hadhira, hao ni wasikilizaji. Wewe labda ni hadhira."

"Hadhira gani," bibi akasema. "Huyu ni mume wangu."

Jioni moja mdogo wangu akasoma kuhusu taharuki. Alieleza kwamba ni ile hamu anayotiwa msikilizaji ya kutaka kujua nini kitafuata. Akasema mwandishi hodari anaweza kuikata hadithi pale pale inapokolea, na msomaji atarudi hata kama ana shughuli.

Bibi alivutiwa. Hakuwa na desturi hiyo. Kwake hadithi ilianza na kwisha jioni ile ile, hata ikibidi tule ugali umepoa.

"Anaikata?" aliuliza. "Na watu hawamgombezi?"

"Wanarudi kesho yake, bibi."

"Kumbe." Akacheka peke yake. Kisha akaniita kama kawaida, mume wangu upo, nikajibu nipo, akasema yuko njiani, nikamwambia atembee tumwone. Akaanza hadithi ambayo hakuwahi kunisimulia.

Palikuwa na ukame. Malambo yalikauka, mabwawa yote ya kuchotea maji yakabaki na matope yaliyopasuka. Msichana mmoja na mdogo wake wa kiume wakaenda kuchimba maji kwenye mchanga wa korongo. Msichana alichimba mpaka shimo likamzidi kimo, akasikia mtu anaimba chini. Akaendelea kuchimba. Mwisho ikabidi ajifunge kamba, mdogo wake aishike juu. Wakapatana kwamba mtoto atakuwa akiimba, "Dada, upo?" naye atajibu, "Nipo, bado nipo." Asipojibiwa, ajue dada amekufa, aiachie kamba akimbie nyumbani, kwa sababu kitakachopanda na kamba hiyo kitakuwa si dada.

Wimbo ule bibi aliuimba kwa upande wa mtoto na mimi niliitikia kwa upande wa dada. Ni wimbo mfupi, unapanda kidogo kisha unashuka.

Msichana alifika chini. Akakuta maji, na kando ya maji kikongwe anasuka mkeka. Kikongwe akamwambia, "Maji chota, lakini kwanza nishikie ukili huu nifunge fundo." Akaushika. Ukili, kama hujui, ni ule mkanda wa majani ya mkindu unaoungwa mpaka uwe mkeka. Kikongwe akainuka akasema, "Usiuachie. Ukiuachia, mkeka wote unafumuka, na huo ndio unaoyashikilia maji haya." Akaondoka gizani. Huku juu mtoto mikono inamuuma, kamba inaanza kuteleza, inabidi dada naye aishike aibane kwenye ukuta wa shimo ili isimdondokee. Mkono mmoja umeshika kamba, mkono mmoja umeshika mkeka. Na juu mtoto anaimba, lakini koo la dada limekauka kwa vumbi, sauti haitoki.

Bibi akanyamaza.

"Tembea tukuone," nikasema.

"Siendi," bibi akasema. "Leo nimekutia hiyo taharuki. Rudi kesho na shughuli zako."

Tulicheka wote. Mdogo wangu alipiga makofi akasema bibi angefaulu mtihani. Mama alikuja na sinia akasema tusogeze miguu, tukazidi kucheka mpaka naye akacheka bila kujua sababu. Nilikwenda kulala na hamu ile. Nilikuwa sijawahi kuionja, na niliiona tamu.

Asubuhi mama alimkuta bibi ameketi kwenye kizingiti cha jiko, ameshika mwimo wa mlango, hawezi kuinuka. Miguu ilikuwa imevimba na pumzi inakatika. Hospitali ya hapa walimpima, wakasema ni presha na moyo, wakashauri apelekwe Korogwe. Huko Korogwe mama yangu mdogo ana chumba Manundu, kwa hiyo tukapata pa kufikia na pa kupikia uji. Niliomba ruhusa mashineni nikaenda.

Bibi alilazwa wodi ya wanawake. Baada ya siku chache alianza kukaa na kuwatania wauguzi. Nikaona sasa ndio wakati. Aliponiona nimekaa kwenye ukingo wa kitanda alisema:

"Mume wangu, upo?"

"Nipo, bibi. Niko hapa. Yule msichana alifanyaje?"

Akanikodolea macho. "Hivi unaliona hilo jua?"

Nililiona. Dirisha lilikuwa wazi na jua limejaa mpaka kwenye shuka.

Wale ambao hawakulelewa kwetu huenda hawajui. Hadithi haisimuliwi mchana. Anayesimulia au kusikiliza hadithi jua likiwaka, mama yake hupotea njia. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa tangu utoto, na sijui kama wenzangu wote bado wanaamini. Bibi aliamini.

"Mama yako saa hii anatoka Manundu na uji wangu," alisema. "Anavuka barabara yenye malori. Unataka nisimulie, apotee? Yule ni mama yako, lakini kwangu ni mtoto. Kaa tu, tungoje jioni."

Tukangoja jioni. Na jioni ndipo nilipoelewa tatizo. Wageni walitakiwa kutoka kabla ya magharibi, na katika wodi ile mwanamume hakuruhusiwa kabisa kubaki. Adhana ilipoanza kusikika, mlinzi alikuwa ameshasimama mlangoni anagonga fimbo yake kwenye fremu. Muda bibi alioruhusiwa kuanza ndio muda mimi niliotakiwa kuondoka.

Siku ya kwanza niliinuka tu. Siku iliyofuata nilichelewa kuinuka. Mlinzi akanifuata mpaka kitandani.

"Kijana, kila siku wewe ndiye wa mwisho. Unaagana na bibi au na mchumba?"

"Huyu ni mume wangu," bibi akamwambia. "Usinivunjie ndoa."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka. Mlinzi naye alicheka, akasema, "Basi shemeji, twende nje, mkeo apumzike." Alinishika bega kwa upole kabisa. Nilitaka kumwambia naomba dakika chache, kuna hadithi haijaisha. Maneno yalikuwepo. Lakini watu wote walikuwa wananitazama, nikatoka. Hata ningesema, sidhani kama ingesaidia. Alikuwa anafuata utaratibu wake, na utaratibu ule ulikuwa wa haki.

Mdogo wangu alikuja siku ya mapumziko. Nilipomweleza, alifikiri kidogo akasema, "Hicho ni kinaya. Ni pale unapotarajia jambo na linakuja kinyume chake." Alilisema kama anajibu swali la mtihani. Kisha akageukia ukutani, nikaona mabega yake yanatikisika. Tulijaribu hata kulidanganya jua. Alifunga pazia, akatandaza khanga juu ya vichwa vyetu vitatu, tukawa gizani na bibi.

"Bibi, usiku umeingia," akanong'ona.

"Usiku gani unanuka dawa ya kudekia?" bibi akasema, akaivuta khanga. "Ondoeni hiki, nakosa hewa. Jua ni jua."

Tukajaribu simu. Mama ndiye aliyebaki naye jioni, na alikuwa na simu ndogo. Nilikaa nje ya chumba cha mama mdogo kule Manundu, adhana ikaisha, nikapiga. Nilimsikia mama akimwelekeza bibi aishike vipi.

"Haloo!" bibi akapiga kelele. "Umekula?"

"Nimekula, bibi. Nipo. Niko tayari."

"Uko wapi?"

"Manundu, kwa mama mdogo."

"Sasa mimi nakuona wapi?" Nikasikia pumzi zake. "Siwezi kulisimulia sanduku. Mimi hadithi naisoma machoni kwako. Wewe mdomo wako mzito, lakini macho yako yanaitikia. Nikitoka hapa nitakumalizia. Lala."

Nikamwomba mama yeye aisikilize, aniletee. Mama aliniambia baadaye kwamba alijaribu, lakini bibi alipofika kwenye wimbo mama hakujua kuupokea, na bibi akachoka akalala. Mama hakuwa na kosa. Alikuwa hajalala vizuri tangu tuje.

Kisha bibi akapatwa na kiharusi, akiwa humo humo wodini na wauguzi wakiwa karibu. Walifanya walichoweza. Uhai ulibaki. Mkono wa kulia na sauti havikubaki.

Tukamrudisha Chanika. Daktari alisema tumlishe taratibu na tumgeuze asipate vidonda. Sasa hapakuwa na mlinzi wala muda wa wageni. Jioni zote zilikuwa zetu. Mama alimtandikia uani, mimi nilitoka mashineni, nikaoga, nikakaa pale pale pangu. Magharibi ikapita. Bibi alinitazama, akafungua mdomo. Nikaona jinsi anavyotafuta. Ilitoka pumzi tu. Alijaribu tena, akafumba macho, chozi likamtoka upande mmoja.

Alikuwa na akili yake yote. Ukimuuliza kama anataka maji alikubali kwa kichwa, ukimuuliza kama kuna baridi alikataa. Basi mdogo wangu akasema tumuulize mwisho kwa njia hiyo. Alikuwa na uhakika. Alisema hadithi fupi ina miisho ya namna chache tu: wa furaha, wa huzuni, wa kushtukiza, na ule unaoachwa wazi msomaji ajijazie. Tukipita wote tutaupata.

"Bibi, msichana aliuachia mkeka?"

Akakataa.

"Aliiachia kamba?"

Akakataa.

"Mtoto alimvuta juu pamoja na mkeka wake?"

Akakataa.

"Yule kikongwe alirudi?"

Alisita, akakataa.

"Yule kikongwe alikuwa mama yao aliyekufa zamani?" mdogo wangu akauliza kwa sauti ya ushindi, maana huo ulikuwa mwisho wa kushtukiza na yeye ndiye aliyeutunga.

Bibi alimtazama. Kisha kifua kikaanza kumtikisika. Tulishtuka tukadhani ni shambulio lingine, kumbe anacheka. Alikuwa anatucheka sisi na miisho yetu.

Tuliendelea jioni nyingi. Nilipokuwa mashineni nilifikiria miisho mipya badala ya kusikiliza mshindo wa mashine, hata nikamwaga unga wa watu. Nilimpelekea bibi yote. Aliikataa yote. Siku moja mdogo wangu alikata tamaa akasema, "Labda haina mwisho, bibi. Labda ni ya kuachwa wazi." Bibi alikasirika. Alipiga jamvi kwa mkono wake mzima, mara kadhaa, akitutolea macho. Kwa hiyo mwisho upo. Hilo ndilo tunalolijua kwa hakika.

Jioni ya mwisho mdogo wangu hakuwepo. Sikumuuliza kitu. Niliona amechoka. Niliimba tu ule wimbo, na kwa kuwa yeye hakuweza, nikaimba upande wake, upande wa mtoto aliye juu: "Dada, upo?" Midomo yake ilisogea. Nikangoja. Nikaimba tena. Vidole vya mkono mzima vilikuwa vimeshika shuka, vikakaza kidogo. Nikaitikia mwenyewe, "Nipo, bado nipo," lakini ilisikika vibaya, kama mtu anayejibu salamu yake mwenyewe, nikaacha.

Alifariki kesho yake mchana, saa ambayo hadithi haziruhusiwi.

Baada ya arobaini nilikwenda Magoma. Kwa mtu kama mimi, kuingia nyumba za watu nisiowajua na kuanza kuuliza habari ya hadithi ilikuwa kazi kubwa kuliko kubeba magunia. Nilielekezwa kwa bibi mmoja aliyekua pamoja na bibi yangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikakaa nikingoja jua lizame. Magharibi ilipopita ndipo nilipomweleza.

"Ya korongo na kamba hiyo naikumbuka," alisema. "Wimbo ndio huo. Lakini huo mkeka mimi siukumbuki. Kwangu msichana anakuta maji, anachota, anapanda. Imekwisha."

"Mkeka ameuongeza bibi?"

"Sijui, mjukuu wangu. Tulikuwa wasichana wengi tukichota maji pamoja, na kila mmoja alikuwa na namna yake. Tuliolewa kila upande. Handeni, Lushoto, Muheza, wengine mbali zaidi. Mmoja wao atakuwa na mkeka."

Nikamshukuru nikarudi.

Mdogo wangu alifanya mtihani wake. Aliniambia swali moja lilitaka waeleze umuhimu wa taharuki, akaliruka.

Mimi bado naimba wimbo ule mashineni, kwa kuwa pale hakuna anayesikia. Na mara nyingi nikiimba namwona yule msichana chini ya mchanga, hawezi kuachia huku wala huku, na hawezi kujibu, na mtoto aliye juu hajui afanye nini. Nimeshajaribu kumtoa kwa akili zangu na kila nikimtoa nahisi bibi anakataa kwa kichwa.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaosoma. Huenda bibi yako au mama wa mume wako alikuwa mmoja wa wasichana wale. Muulize. Kama anaujua mkeka, tafadhali niandikie, na waliochapisha karatasi hizi watanifikishia. Usinitungie mwisho wako, hata uwe mzuri namna gani, hiyo kazi tumeifanya na haikusaidia. Niandikie alivyosema yeye. Mwandiko mbaya si kitu, wangu nimeshawaeleza ulivyo. Ukitaka andika hata mchana, sijasikia kwamba kuandika kumekatazwa. Mimi nitaiweka barua yako bila kuifungua mpaka magharibi ipite, kwa sababu mama yangu bado yupo, na kila siku hupita barabara ya malori kwenda sokoni.

Nipo. Niandikieni.